SOMO LA AFYA: ALIYEGONGWA KICHWA ASINGOJE ASUBUHI



Somo letu safari hii ni juu ya mtu aliyeumia kichwa. Si somo la madaktari peke yao. Daktari yuko mbali, na mara nyingi humwona majeruhi saa kadhaa baada ya ajali. Wa kwanza kufika ni wewe: mwenye duka kando ya barabara, mwalimu wa zamu, fundi wa mjengo, kijana wa boda boda, mama aliyesikia mtoto akianguka kutoka kwa mwembe. Hao ndio wanaoamua kama majeruhi ataenda hospitali leo, au atalazwa kitandani angojwe.

Tumeamua kuliandika kwa sababu kuna maneno yanayoua watu vijijini mwetu, na yanasemwa kwa upole na kwa nia njema. Maneno yenyewe ni haya: "Wacha alale, kesho atakuwa sawa." Saa ingine kweli huwa sawa. Lakini wale ambao hawakuwa sawa wangeweza kutambuliwa jioni ile ile, na mtu asiye na chombo chochote ila macho yake, tochi ya simu na maswali matatu.

Kwa nini kichwa si kama mguu

Mguu ukigongwa huvimba, na uvimbe una mahali pa kwenda kwa sababu ngozi hunyooka. Kichwa hakina nafasi hiyo. Fuvu la mtu mzima ni kama kibuyu kikavu. Ndani yake mna ubongo wa karibu kilo 1.4, mna damu ndani ya mishipa, na mna maji masafi yanayouzunguka ubongo. Vitu hivyo vitatu vimejaza kibuyu kabisa. Mshipa ukipasuka ndani na damu ikaanza kukusanyika, au ubongo wenyewe ukianza kuvimba, kibuyu hakitanuki. Kinachobanwa ni ubongo.

Mwanzoni mwili hujitahidi. Husukuma nje baadhi ya yale maji na baadhi ya damu ili kupata nafasi, na kwa muda fulani mgonjwa huonekana mzima. Nafasi hiyo ikiisha, hali hubadilika ghafula. Ndiyo sababu watu husema, "Alikuwa anaongea na sisi, halafu tukashangaa amezima." Hakuzima ghafula. Alikuwa akienda polepole na hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Wataalamu hugawanya madhara mara mbili. La kwanza ni lile la wakati wa kugongwa: ubongo umetikiswa, umechubuka au umepasuka. Hilo limekwisha kutendeka, wala hakuna daktari awezaye kulirudisha nyuma. La pili ni lile linalofuata katika saa na siku zinazokuja: damu inayokusanyika, uvimbe, kukosa hewa safi, kupungua kwa nguvu ya damu. Hili la pili ndilo kazi yetu. Majeruhi wengi hawauawi na pigo; wanauawa na yale yanayofuata pigo.

Yule anayesimama na kutembea

Hapa tunataka msome pole pole. Ubavuni mwa kichwa, kati ya jicho na sikio, mahali paitwapo panja, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na ndani yake umepita mshipa wa damu. Mfupa ukivunjika hapo, mshipa unaweza kukatika, na damu ikaanza kujikusanya kati ya mfupa na ngozi inayofunika ubongo. Mtu huyu anaweza kuzimia kidogo, kisha akaamka, akajipangusa vumbi, akasema hana neno. Anaweza kukaa nusu saa, saa moja, hata saa kadhaa akiwa anaongea vizuri. Halafu kichwa kinaanza kumuuma sana, anatapika, anasinzia, na asipofanyiwa upasuaji mapema anakufa.

Jambo hili halichagui maskini na tajiri. Mwezi wa Machi mwaka wa 2009, mwigizaji wa sinema kutoka Uingereza, Natasha Richardson, alianguka akijifunza kuteleza juu ya theluji huko Canada. Alisimama, akafanya mzaha, gari la wagonjwa lilipokuja akasema halihitaji. Kama saa moja baadaye kichwa kilianza kuuma. Alikufa baada ya siku mbili, kwa damu iliyokusanyika chini ya fuvu. Alikuwa na fedha, alikuwa na watu, na hospitali zilikuwapo. Kilichokosekana ni ile saa ya kwanza.

Hata katika Biblia tunaona kwamba kuvunjika fuvu hakumnyimi mtu ulimi mara moja. Soma Waamuzi 9:53-54. Abimeleki aliangushiwa jiwe la kusagia na mwanamke aliyekuwa mnarani, fuvu likavunjika, na bado aliweza kumwita kijana wake na kumwagiza la kufanya. Kwa hiyo mtu akikuambia "si unaona anaongea?", mjibu kwamba kuongea ni jambo jema, lakini si cheti cha afya.

Tuliposema hivi katika vikundi, wengine waliuliza: je, kila anayegongwa kichwa apelekwe hospitali? Hapana. Mtoto aliyejigonga mlangoni, akalia mara hiyo, akanyamaza, akaendelea na mchezo, huyo mwangalie tu nyumbani. Mtu yeyote aliyezimia, hata kwa dakika moja, au asiyekumbuka kilichotokea, au aliyegongwa kwa nguvu kubwa (pikipiki, kuanguka kutoka mtini au juu ya nyumba, teke la punda, rungu, jiwe), huyo aonwe siku hiyo hiyo. Na mwenye dalili tutakazozitaja hapa chini apelekwe sasa hivi, usiku au mchana.

Kupima fahamu

Jambo kubwa kuliko yote ni fahamu. Kidonda kinaweza kukudanganya. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi, na kidonda kidogo hutoa damu mpaka shati lote lilowe. Watu wakashika vichwa, kumbe ubongo hauna shida. Mwingine hana hata mkwaruzo, na ndani anavuja. Basi usihesabu damu, pima fahamu.

Njia rahisi ina ngazi nne. Ngazi ya kwanza: yuko macho, anakutazama, anajua mambo. Ya pili: anasinzia, lakini ukimwita kwa jina anafungua macho au anajibu. Ya tatu: sauti haimfikii, ila ukimfinya msuli wa juu ya bega kwa nguvu anasogea au anaguna. Ya nne: kimya kabisa, hata ukimfinya. Aliye ngazi ya tatu au ya nne yuko hatarini kufa, na hawezi kulinda koo lake mwenyewe. Aliyekuwa ya kwanza akashuka kwenda ya pili naye ni wa dharura, kwa sababu anashuka.

Kwa yule aliye macho, uliza maswali matatu: Jina lako nani? Hapa ni wapi? Leo ni siku gani, na nini kimetokea? Tafadhali uliza kwa lugha anayoizoea. Mzee wa kwetu akiulizwa kwa Kiswahili cha haraka anaweza kubabaika, si kwa sababu ya kichwa. Mwulize kwa lugha ya mama. Akikuambia yuko sokoni na kumbe yuko kitandani mwake, au akirudia swali lile lile mara tano ("Pikipiki yangu iko wapi?"), hiyo ni fahamu iliyoguswa. Pia mwambie atoe ulimi, kisha afinye vidole vyako kwa mikono yote miwili. Mkono mmoja ukiwa mlegevu kuliko mwingine, andika hilo.

Huko hospitali mtasikia wakitaja "kipimo cha Glasgow". Ni kitu kile kile, kimepangwa kwa hesabu. Kilitungwa na madaktari wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett, katika mji wa Glasgow huko Uskoti, wakakichapisha mwaka wa 1974. Macho yana alama 4, maneno alama 5, na kusogea alama 6. Mzima kabisa ana 15. Hakuna anayepata sifuri. Aliye chini kabisa ana 3. Kuanzia 13 hadi 15 huitwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, na 8 kwenda chini ni jeraha kali. Ukiambiwa "mgonjwa wako ana 14", usifurahi haraka. Uliza alikuwa na ngapi saa iliyopita. Aliyetoka 15 kwenda 13 anatisha kuliko aliyekaa 14 tangu jana.

Dalili za hatari

Kuumwa kichwa kunakozidi saa baada ya saa, hata baada ya kumeza panadol. Kutapika zaidi ya mara moja. Kusinzia kusiko kwa kawaida. Kifafa, yaani kukakamaa na kutikisika, hata kama ni mara moja. Ulimi mzito. Mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu. Kuona vitu viwili viwili. Kubadilika tabia: mtu mpole amekuwa mkali, anatukana, anang'oa nguo. Watu husema "ameingiwa na pepo". Sisi hatukatai maombi, lakini mwombeeni ndani ya gari, mkiwa njiani.

Tazama mboni za macho, zile duara nyeusi za katikati. Funika macho yake kwa kiganja kidogo, kisha ondoa kiganja na umulike jicho moja kutoka ubavuni kwa tochi, halafu lingine. Mboni nzima husinyaa mwanga ukiifikia. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko ya pili na haisinyai, na mtu mwenyewe amelegea, ujue ubongo unabanwa, mara nyingi kwa upande ule ule wa hilo jicho. Kuna watu waliozaliwa na mboni zisizolingana, na kuna waliopigwa jicho lenyewe, kwa hiyo waulize jamaa zake. Lakini jambo la kukumbuka ni hili: mboni kubwa ni dalili ya kuchelewa. Usikae ukiingojea.

Sikio au pua ikitoa damu, au maji masafi kama ya mvua, fuvu limevunjika kwa chini. Maji hayo yakichanganyika na damu yakadondoka kwenye kitambaa cheupe, saa ingine utaona doa jekundu katikati na duara hafifu kulizunguka. Usizibe sikio kwa pamba, wala usimwambie apenge. Acha yatoke, funika juu juu kwa kitambaa safi. Weusi unaozunguka macho yote mawili, ilhali hakupigwa machoni, au weusi nyuma ya sikio, nao ni alama ya mfupa kuvunjika chini ya ubongo. Alama hizi hazitokei mara moja. Huja baada ya saa nyingi, hata kesho yake. Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani jana na leo ameamka na macho meusi, arudishwe.

Na kuna dalili za mwisho ambazo hatupendi kuziona: mapigo ya moyo yakienda yakipungua chini ya 60 kwa dakika, kupumua kunakokuja na kukoma, mikono inayojikunja kifuani au kunyooka ikiwa imekakamaa. Hapo dakika ndizo zinazohesabiwa.

Juu ya kukoroma tunasema peke yake. Mara nyingi familia hutuambia, "Alilala vizuri, hata alikuwa anakoroma." Aliyegongwa kichwa akakoroma na haamki ukimwita, huyo hajalala. Ulimi umelegea umerudi nyuma na unaziba njia ya hewa. Ubongo ulioumia ukikosa hewa kwa dakika chache tu, jeraha la pili tulilolitaja limekwisha kuingia.

Amelewa au ameumia?

Jumamosi usiku ndio mtihani. Mtu amepatikana mtaroni, ananuka chang'aa, ana uvimbe kichwani. Wote wanasema amelewa, na kweli amelewa. Lakini mlevi huanguka kuliko mtu mwingine, na pombe haimkingi na kuvuja damu. Anaweza kuwa vyote viwili. Tofauti yao ni mwendo wa saa. Aliyelewa tu huenda akipata nafuu: baada ya saa mbili tatu anajibu vizuri zaidi kuliko mwanzo. Aliyeumia ndani huenda akizama. Kama hakuna wa kukaa naye na kumpima kila nusu saa, mchukulie kuwa ameumia, mpeleke. Afadhali kucheka asubuhi kwamba ilikuwa chang'aa.

Kuna wengine tunaowaficha. Mama aliyepigwa nyumbani huambiwa aseme "nilianguka bafuni". Akija kwako na maumivu ya kichwa na kutapika, usimhoji mbele ya aliyemleta. Mpime, mtibu, mpe nafasi ya kuongea akiwa peke yake. Fomu ya P3 ya polisi itajazwa baadaye. Matibabu hayangoji P3, wala hayangoji polisi kufika mahali pa ajali, ingawa wengi huogopa kumshika majeruhi kwa sababu hiyo.

Watoto na wazee

Mtoto mchanga hawezi kukuambia kichwa kinamuuma. Tazama kama anakataa kunyonya, analia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida, amelegea kama kitambaa, au utosi umevimba na kukaza wakati ametulia na hajalia. Uvimbe mkubwa laini ubavuni mwa kichwa cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja si wa kukandwa kwa maji moto, apelekwe. Na mtoto ambaye hadithi ya kuanguka kwake haipatani na umri wake (wa miezi miwili "alipanda kiti") anahitaji mtu mzima mwenye ujasiri wa kuuliza zaidi.

Wazee ni kinyume. Mzee huanguka kidogo tu, akainuka, na watu wakasahau. Wiki tatu au hata zaidi zikipita, anaanza kuburuta mguu, kusahau majina, kulala mchana, kukojoa kitandani. Watu husema ni uzee, au amerogwa. Kumbe mishipa midogo imekuwa ikivuja polepole juu ya ubongo. Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaokunywa pombe sana na kwa wale wanaomeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama warfarin. Hili tunalisisitiza kwa sababu ni moja ya magonjwa ya "uzee" yanayopona: daktari wa upasuaji akitoboa fuvu na kuitoa ile damu, mzee anaweza kurudi kujua wajukuu zake.

La kufanya

Kwanza hewa. Kama hajitambui, sukuma taya la chini mbele kwa vidole vya mikono miwili, bila kuvuta kichwa nyuma, na utoe damu au matapishi yanayoonekana mdomoni. Kila aliyeumia kichwa mpaka akazimia mhesabu kuwa ameumia na shingo. Asigeuzwe ovyo, asiketishwe, asivutwe mkono. Akitaka kutapika, watu watatu au wanne wamgeuze kwa ubavu kwa pamoja kama gogo, mmoja akishika kichwa na kutoa amri. Aliyezimia na anapumua abaki kwa ubavu hivyo hivyo ili ulimi na matapishi visimzibe.

Damu inayotoka kwenye ngozi, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Lakini pahali ukihisi mfupa umebonyea au unacheza, usikandamize hapo, zungushia kitambaa. Kitu kilichochomeka, kama panga, msumari au mshale, usikichomoe. Helmeti iachwe kichwani kama anapumua vizuri. Ikiwa lazima itoke, itolewe na watu wawili, mmoja ameshika shingo kutoka chini.

Usimmwagie maji baridi, usimzabe makofi ili aamke. Usimpe chai, soda wala maziwa. Huenda akahitaji kupasuliwa, na asiye na fahamu nzuri huvuta kinywaji mapafuni. Kwa maumivu, aliye macho kabisa anaweza kumeza panadol. Aspirini na brufen zikae mbali, kwa sababu zinazuia damu kuganda.

Je, alale? Usingizi wenyewe haumuui mtu. Yule aliyeonwa na mganga akaruhusiwa nyumbani, aachwe alale, lakini usiku wa kwanza aamshwe kila baada ya saa mbili: ajibu jina, afinye vidole, mboni zitazamwe. Akiwa mgumu kuamka kuliko ilivyo desturi yake, safari inaanza saa hiyo. Saa 24 za kwanza asibaki peke yake nyumbani. Mwanafunzi aliyepata kizunguzungu uwanjani asirudishwe mpirani siku hiyo, hata kama timu inashindwa.

Safari, karatasi na pesa

Pikipiki imetusaidia sana, lakini majeruhi aliyezimia akibanwa katikati ya dereva na mtu mwingine, kichwa kikining'inia, anafungwa hewa na kuvunjwa shingo njiani. Tafuta gari, hata pickup ya kubebea mchanga. Mlango wa mbao ukitolewa kwenye bawaba zake ni machela nzuri. Mfunge kwa leso, weka nguo zilizokunjwa pande zote mbili za kichwa, na upande wa kichwa wa mlango uinuliwe kidogo. Mtu mmoja akae naye nyuma amwangalie, si wote wapande mbele.

Na mwende wapi? Dispensari iliyo karibu inaweza kufungua njia ya hewa, kuweka dripu na kupiga simu, lakini haina mashine ya CT inayopiga picha ya ndani ya fuvu, wala daktari wa upasuaji. Asilazwe hapo "tuone vile ataamka". Hospitali kubwa za rufaa, kama Kenyatta kule Nairobi na Moi kule Eldoret, zina wataalamu wa ubongo. Hospitali ya kaunti itaamua nani apelekwe huko. Pigeni simu mbele ili mjue mashine inafanya kazi siku hiyo. Si kila siku inafanya.

Mpe anayemsindikiza karatasi. Ukurasa wa daftari unatosha. Kwa mfano: "Saa 11 jioni ameanguka kutoka kwa mwembe. Alizimia kama dakika 2. Saa 11 na nusu anajibu vizuri. Saa 1 usiku ametapika mara 2, anasinzia, akiitwa anajibu. Saa 1 na nusu mkono wa kushoto mlegevu. Hajanywa pombe. Hamezi dawa." Daktari akisoma mistari hiyo atajua zaidi kuliko akisikia ndugu kumi wakiongea pamoja.

Juu ya pesa: msingoje harambee. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 hakiruhusu mtu anyimwe matibabu ya dharura. Mkiombwa amana kwanza mlangoni, semeni kwa heshima kwamba huyu ni wa dharura, na mtajeni daktari wa zamu. Bili italetwa, hatusemi ni bure, lakini inakuja baada ya matibabu.

Neno kwa wauguzi wa dispensari zetu

Ninyi mnajua kazi kuliko sisi, ila mambo matatu yanarudi. Dripu iwe ya maji ya chumvi, si ya sukari, isipokuwa mmepima sukari na iko chini. Maji ya sukari huongeza uvimbe wa ubongo. Sindano za steroidi kama dexamethasone "kupunguza uvimbe" ziachwe: utafiti mkubwa uliotolewa mwaka wa 2004, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba waliopewa steroidi walikufa wengi kuliko wasiopewa. Na mgonjwa anayehangaika na kurusha mikono asitulizwe kwa diazepam kabla ya kujua kama ana hewa ya kutosha. Diazepam ni ya kifafa. Dawa iitwayo tranexamic acid, kama ipo, muulizeni daktari kwa simu mapema. Faida yake ni katika saa 3 za kwanza, na kwa walioumia kiasi kuliko waliokwisha kuzama.

Kuhusu helmeti tuna machache, kwa kuwa yamesemwa sana. Hupunguza hatari ya dereva wa pikipiki kufa katika ajali kwa kama asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa kama asilimia 69. Sheria inamtaka avae, na abiria wake pia. Helmeti iliyotundikwa kwenye usukani inalinda usukani.

Maswali ya kikundi

1. Gawanyikeni wawili wawili. Mmoja awe majeruhi. Mpime fahamu kwa ngazi nne, tazama mboni kwa tochi ya simu, kisha andika karatasi ya safari. Wengine waisome na waseme kilichosahaulika.

2. Someni Matendo 20:7-12, habari za Eutiko aliyeanguka kutoka dirishani. Kama angeanguka katika kanisa letu Jumapili ijayo, nani angemshika kichwa, na nani angezuia watu wasimvute?

3. Katika kijiji chenu, nani ana gari linaloweza kuamshwa saa nane usiku? Namba yake iko ukutani mwa nani?

4. Yuko mzee aliyeanguka miezi hii mitatu na amebadilika tangu hapo? Nani atakwenda kumwona wiki hii, na ataenda siku gani?